Dobi Aliyefungua Bahasha

Sheria ya Pasi dobi ilikuwa moja tu: cha mfukoni ni cha mwenye mfuko. Kitu chochote alichokikuta ndani ya nguo kabla ya kuilowesha alikitia kwenye bahasha ya kaki, akaigundisha, akaandika juu yake jina la mwenye nguo, na nguo ikishapigwa pasi aliibana bahasha kwa pini kifuani. Hakuuliza wala hakueleza. Kwa miaka kumi na tisa aliishika sheria hiyo kama mtu aliyekula kiapo, ingawa hakuna aliyemwapisha.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni ukutani, lakini jua la dirishani lilikuwa limelififisha, na watu walikuwa wamelisahau hata kabla jua halijaanza kazi yake. Kwa wakubwa alikuwa Pasi, kwa vijana Mzee Pasi. Alikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi na juu yake shuka jeupe lenye alama za hudhurungi za pasi ya siku nyingi. Cha nyuma kilikuwa na mabeseni manne, jiko la kuchemshia maji, na kamba zilizopita kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mtu mrefu alilazimika kutembea humo kainama kama anayemsalimia mkwe.

Nguo hazikupotea kwa Pasi. Kila mtu katika kila nyumba alikuwa na uzi wake, mishono miwili midogo ndani ya kola. Baba wa nyumba fulani uzi mwekundu, mtoto wake wa kwanza mwekundu na mweupe, na kadhalika. Hakuwa na daftari. Alizijua nyuzi hizo kama mwalimu anavyozijua sura za wanafunzi wake.

Na siri hazikupotea pia. Alishakuta barua ya kuacha kazi ambayo mwandishi wake hakuipeleka. Alishakuta meno ya bandia ya karani mstaafu, ambaye alikuja kuyafuata mwenyewe huku kaziba mdomo kwa kiganja. Alishakuta barua nyingi za bwana mmoja wa mtaa wa pili, barua ambazo hazikuandikwa na mkewe. Siku moja mke huyo alikuja akamkazia macho.

"Shemeji, niambie ukweli. Umekuta nini kwenye mashati ya bwana?"

"Nimekuta madoa, shemeji. Na nimeyatoa."

Mama yule alicheka asipende, akaenda zake. Kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwamini. Ilifika mahali bahasha ya Pasi ikawa na heshima yake majumbani: mama akichukua furushi la nguo, humpa kila mtu bahasha yake bila kuifungua, hata kama mtu mwenyewe ni mtoto. Huo ndio uliokuwa utaratibu, na hakuna aliyefikiri kuwa una kasoro.

Pasi alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake kwa miaka mitatu, nesi katika zahanati ya watoto. Dada huyo alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na mitano, kidato cha pili, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Uzi wake ulikuwa wa njano. Kila Ijumaa jioni akitoka shule alipita kwa mjomba wake kuacha sare, akakaa juu ya kigoda karibu na meza, akasimulia habari za wiki nzima: nani kapigana, nani kafukuzwa darasani, mwalimu gani kavaa soksi za rangi mbili. Pasi alipiga pasi na kuguna. Hakuwa na mtoto, na ile saa moja ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa redio yake.

Mwanzoni mwa muhula, katika mfuko wa sweta lenye uzi wa njano, alikuta kitu kifupi kinene cha rangi ya zambarau, mfano wa kalamu ya wino mzito, chenye tundu dogo mwishoni. Kilinukia stroberi. Akajua ni katika yale makorokoro ya wasichana. Akakitia kwenye bahasha. Majuma mawili baadaye akakikuta tena, akakitia tena. Na hakikuwa cha Chiriku peke yake. Sare ya kijana wa mkandarasi ilikuja na cha bluu, ya binti wa mwenye duka la dawa ikaja na cha kijani. Vyote akavifuta vumbi, akavifunga, akavirudisha.

Mara ya tatu cha Chiriku kilimponyoka. Kilikuwa kimesukumwa ndani ya bitana ya sketi, mkono wa Pasi ukakikosa, na kilikuja kuonekana kikielea kwenye beseni la kusuuzia.

Hapo ndipo fahari yake nyingine ilipomponza. Kitu kilichoharibika ndani ya mabeseni yake, hata kama ni kifungo, alikitengeneza yeye kabla mwenyewe hajajua. Basi akakikausha kwa kitambaa, akavuka kizingiti, akaingia kwa jirani yake fundi simu, kijana mwenye lenzi iliyofungwa jichoni kwa mpira.

"Fundi, nisaidie. Hii flashi ya mtoto wa dada imeogelea."

Fundi akaigeuza, akainusa, akaivua lenzi. "Flashi?"

"Sasa ni nini? Si wanahifadhi masomo humo siku hizi?"

"Mzee Pasi, ni kweli kuna masomo humu. Ila siyo yale anayolipiwa karo." Kijana alicheka mpaka akajishika mbavu. "Hii ni sigara."

"Acha utani. Sigara iko wapi hapo?"

"Sigara ya umeme. Betri inachemsha maji yaliyoko ndani, unavuta huku, unatoa moshi wa stroberi. Wenyewe wanaiita kalamu. Mwalimu akiiona juu ya dawati anapita tu."

"Kwa hiyo ni manukato."

"Manukato gani, mzee? Ina nikotini, ileile iliyokuwa kwenye pakiti zako za zamani. Tofauti ni kwamba zile zilikuwa zinanuka, hata kipofu angejua. Hii inanukia." Akaipuliza, akaitikisa, akaiweka mbele ya feni ndogo. Baada ya muda kitaa kidogo kikawaka. "Umeona? Imepona. Hiyo haifi kirahisi."

Pasi hakucheka. Alikichukua kitu kile akarudi kwake, akaketi kwenye kigoda cha Chiriku.

Yeye alianza sigara akiwa na miaka kumi na minne, nyuma ya karakana aliyojifunzia kazi, kwa kipande alichopewa na mkubwa wake kama zawadi ya kufanya kazi vizuri. Aliacha akiwa na miaka thelathini na sita, mara ya tano ya kujaribu, baada ya kukohoa kwa mwaka mzima mpaka wateja wakaanza kuhofia nguo zao. Alijua vizuri jinsi mkono unavyoamka kabla ya macho asubuhi, ukapapasa pembeni ya kitanda kuitafuta pakiti. Hakuna aliyemlazimisha. Ila wakubwa wote waliokuwa karakana ile walimwona, na kila mmoja alijisemea kuwa mtoto yule si wake.

Akafungua droo. Bahasha mbili mpya za wiki ile zilikuwa tayari zimegundishwa, moja ya kijana wa mkandarasi na nyingine ya binti wa mwenye duka la dawa. Akazibonyeza kwa vidole. Umbo lilelile. Kwa miaka yote alijihesabu mtu mwaminifu, na sasa aliona uaminifu wake umefanya nini: watoto waliposahau sumu yao, yeye ndiye aliyewaokotea, akaipangusa, akaifunga vizuri na kuwapelekea mpaka nyumbani kwao kwa mikono ya mama zao. Muuza sigara wa kona angalau husubiri afuatwe.

Akazichana bahasha zote mbili.

Ijumaa Chiriku aliingia kama kawaida yake, maneno yakimtangulia.

"Shikamoo mjomba! Leo mwalimu wa hesabu kaanguka na kiti, mzimamzima, na bado kashika chaki!"

"Marahaba. Kaa hapo."

Akaiweka ile kalamu ya zambarau juu ya shuka jeupe. Chiriku akanyamaza.

"Hiyo ni ya rafiki yangu," alisema hatimaye.

"Imetoka kwenye uzi wa njano. Rafiki yako naye anavaa sketi yako?"

"Mjomba, hata siyo sigara. Ni mvuke tu. Wewe si unavuta mvuke wa pasi kutwa nzima?"

Pasi nusura acheke, maana jibu lilikuwa zuri. Akajikaza kisabuni.

"Mvuke wa pasi sijawahi kuamka nikautafuta chini ya mto."

"Na mimi siutafuti. Wiki hii nimevuta ya wenzangu shuleni mara mojamoja tu. Naweza kuacha hata leo."

"Vizuri. Basi iache hapa mpaka Ijumaa ijayo. Ukiweza, nitakuomba radhi kwa kukushuku."

"Hata mwezi!" Akabeua midomo, akachukua mkoba wake. "Wazee mnaogopa kila kitu."

Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa mlangoni. Alisema amesahau kitambaa. Pasi akamwambia atafute. Akatafuta chini ya meza, kwenye rafu, mpaka chumba cha nyuma kati ya kamba, na kitambaa hakikuwepo kwa sababu hakuwa ameacha kitambaa chochote. Mwishowe akasimama katikati ya chumba, mikono kaiingiza kwapani kama anayesikia baridi.

"Mjomba, nipe mara moja tu. Mara moja, halafu nakurudishia."

"Jana ulisema mwezi."

"Nina mtihani Jumatatu, kichwa kinauma, siwezi kusoma. Mara moja tu."

"Ni saa ngapi tangu utoke hapa jana?"

"Sijui."

"Unajua. Mimi nilikuwa nikijua mpaka dakika."

Msichana akatazama sakafu. "Kumi na saba," akasema, kisha machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya kumdanganya mtu. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Pasi akamvutia kigoda, akampa taulo safi. Akamweleza habari za karakana, za kikohozi, na za mara nne alizoacha akarudi. Hakupiga chuku. Kisha akamwambia neno alilokuwa ameliandaa usiku kucha.

"Mama yako lazima ajue. Mwambie wewe mwenyewe. Nakupa mpaka Jumatatu jioni."

Chiriku akaruka kama aliyechomwa pini. "Cha mfukoni ni cha mwenye mfuko! Si wewe unayesema? Yule bwana wa barua, naona ukizifunga hapa tangu niko mdogo, umemfichia miaka mingapi? Hukumwambia mkewe hata siku moja. Leo mimi ndiye wa kuanziwa?"

Neno hilo lilimwingia.

"Yule bwana ni mtu mzima. Anaichoma nyumba yake akiwa na akili zake timamu. Wewe hata kukua hujamaliza."

"Ukimwambia mama, sitakuja hapa tena."

"Nimesikia."

Jumatatu ilifika na jioni yake ikapita bila habari yoyote kutoka kwa dada yake. Jumanne Pasi akafunga mlango saa sita mchana, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona, akaenda zahanati. Alimkuta dada yake kwenye chumba cha kuchomea sindano, akipanga vifaa. Akaiweka kalamu juu ya sinia, akaeleza yote.

"Umeirudisha mara ngapi?" dada yake aliuliza.

"Mara mbili. Sikujua ni nini, dada."

"Mara mbili! Na mimi ndiye niliyempa bahasha mkononi. Nikamwambia chukua, mjomba wako kakutunzia." Akakaa kitini. "Kutwa nzima nawaambia wazazi wa watu wawe macho na watoto wao. Wangu ananukia stroberi, najua kapaka mafuta ya nywele."

Kila mmoja alikuwa na aibu yake. Kisha nesi akafuta macho na kuwa nesi tena; akasema kuna mshauri anayekuja zahanati kila Alhamisi, kwamba mtoto hatapigwa wala kutangazwa, na kwamba wiki za mwanzo zitakuwa ngumu. Pasi alipoinuka kuondoka, akamwambia bado ana mbili mfukoni, za watoto wengine.

"Pasi, sikiliza. La kwetu tumelijua, tunalishughulikia. Hao wana wazazi wao. Ukianza kugonga milango ya watu umejiharibia kazi."

"Siwezi kumtoa wa kwetu shimoni, halafu niendelee kuwasukumia humohumo wa wenzangu."

"Basi waambie hukuvikuta. Vitupe."

"Watanunua vingine kesho, na mzazi bado hajui."

Alikwenda kwanza kwenye duka la dawa. Mama mwenye duka alikitazama kitu kile cha kijani, akatazama bahasha iliyochanwa, akasema "asante" kwa sauti ndogo sana, akageuka kupanga chupa zilizokuwa zimeshapangwa. Hakuuliza swali. Kwa mkandarasi mambo yalikuwa mengine.

"Wewe ni dobi au askari?" mkandarasi alifoka, fundi wake wa rangi akisikiliza. "Nguo nakupa uzifue, hukupewa uzipekue!"

"Nimepekua mifuko yako miaka kumi na tisa, mzee, na umeniita mwaminifu."

"Ulikuwa hujafungua mdomo! Kijana wangu ana miaka kumi na sita, na hivyo vitu wanachezea wote. Nitaongea naye nikipenda. Nguo zangu nazitaka leo."

"Ziko majini."

"Niletee na maji yake!"

Habari ilizunguka mtaa kabla ya jua kuzama, imetiwa chumvi mpaka haikulika. Wengine walisema Pasi anasoma barua za watu. Wengine walisema kapeleka majina ya watoto shuleni. Hakuna aliyekuja kumuuliza, na hilo ndilo la kusikitisha. Watu wazima waliokuwa na siri zao walipiga hesabu ya haraka: akisema ya watoto leo, kesho atasema yangu. Wa kwanza kuja alikuwa bwana wa barua, ambaye aliyabeba mashati yake sita hata bila kusubiri yakauke, yakamlowesha mgongo mzima.

Wiki ile Pasi alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito, akakitundika juu ya meza: CHA MFUKONI NI CHA MWENYE MFUKO. CHA MTOTO NI CHA MZAZI WAKE. Alitaka kila mteja aijue sheria kabla hajavua koti. Wapo waliosoma wakageuka na furushi lao mlangoni. Wapo wachache waliosoma, wakaacha nguo.

Chiriku alihangaika wiki tatu. Alimjibu mama yake vibaya, alilia kwa sababu ya chai iliyopoa, alishindwa kukaa darasani vipindi viwili mfululizo. Wiki ya nne alivuta ya mwenzake chooni, na jioni ileile akamwambia mama yake kwa kinywa chake, kitu ambacho mshauri wa Alhamisi alisema ni hatua kubwa kuliko kutovuta. Tangu hapo hajavuta, na sasa ni mwezi wa tisa. Mama wa duka la dawa alimpeleka binti yake kwa mshauri huyohuyo. Matokeo yake hayajulikani, kwa kuwa hakuyasema na Pasi hakuuliza. Kijana wa mkandarasi anavuta, siku hizi hadharani, na si za stroberi tena.

Pasi hakujutia. Fundi simu alipomuuliza siku moja kama angerudi nyuma angefanya vilevile, alisema angefanya mapema zaidi, ile siku ya kwanza ya stroberi, maana dobi anayenusa kola za watu maisha yake yote hakuwa na udhuru wa kutouliza harufu ile imetoka wapi.

Ilimgharimu hivi. Nyumba kumi na moja kati ya ishirini na tatu ziliondoa nguo zao na hazikurudi. Chumba cha nyuma amekiacha, sasa anafulia uani kwa mabeseni mawili. Na Chiriku, ambaye yu mzima na anafaulu mitihani yake, akimkuta njiani humsalimia kwa adabu zote kama mtu mzima yeyote wa mtaani, akapita.